HOSPITALI ILIYOANZA NA BARABARA: Habari za Kigutu, mlimani juu ya ziwa letu

Na mwalimu wa kujitolea, darasa la tano

Mwezi huu ukurasa wetu wa familia unazungumzia hospitali.

Sababu ni hii. Munajua kwamba maneno makubwa hapa kambini ni kurudi au kukaa. Na kila mara maneno hayo yakianza, bombani au kwenye foleni ya chakula, mama mmoja lazima aulize: "Sasa mtoto akiugua huko, nitampeleka wapi?" Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anasema nyumbani matibabu ni bure siku hizi. Mwingine anasema thubutu, ukikosa pesa wanakuzuia hospitalini mpaka ndugu zako walipe. Wa tatu anasema kuna hospitali ya Wamarekani huko mlimani kwa upande wa Rumonge, wanatibu na hawakuulizi umetoka wapi.

Wote watatu wana ukweli kidogo, na wote watatu wanakosea kidogo. Kwa hiyo nimeona tulizungumze jambo hili polepole, tulipange vizuri. Makala hii haikwambii urudi wala haikwambii ukae. Hayo ni ya baba na mama kuamua nyumbani kwao. Kazi yangu ni kueleza hospitali hiyo ni ya namna gani, ilianzaje, inafanya nini, na familia inaweza kujifunza nini kwake, iwe itarudi au haitarudi.

KIGUTU NI WAPI?

Sisi tuliozaliwa pwani ya ziwa tunaijua ile barabara. Inatoka Bujumbura, inafuata maji mpaka Rumonge, safari ya kilomita kama 75. Kutoka hapo inashuka kusini mpaka Nyanza-Lac, halafu Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukiwa unaelekea kusini, ziwa liko mkono wa kulia na milima iko mkono wa kushoto. Chini ni michikichi, mihogo na dagaa wameanikwa mchangani. Juu ni milima mitupu, na njia za miguu zinazopanda mpaka pumzi inakata.

Kigutu iko huko juu, kwenye komini iliyokuwa ikiitwa Vyanda, mkoa wa Bururi. Ukisimama pale unaliona ziwa lote, na siku ya mwanga unaiona milima ya Kongo ng'ambo. Wale wanaofikiria kurudi wajue pia kwamba mwaka 2025 Burundi ilibadili mikoa yake, ikabaki mitano tu. Bururi, Rumonge, Makamba na Rutana sasa zimo katika mkoa mmoja unaoitwa Burunga. Ukisikia jina hilo usishtuke, ni kwetu kulekule.

Shirika linaloendesha hospitali hiyo linaitwa Village Health Works. Jina ni la Kiingereza, na wafadhili wake wengi wako Marekani, ndiyo maana watu wanasema ni hospitali ya Wamarekani. Lakini aliyeianzisha ni Mrundi, mtoto wa milima hiyohiyo ya kusini. Na tena, aliwahi kuwa mkimbizi kama sisi.

KIJANA ALIYEKIMBIA NA MASOMO YAKE KICHWANI

Anaitwa Deogratias Niyizonkiza, watu wanamwita Deo. Mwaka 1993 alikuwa mwanafunzi wa udaktari, anafanya mazoezi ya kazi katika hospitali ya Mutaho, katikati ya nchi. Mwezi wa kumi mwaka huo Rais Melchior Ndadaye akauawa, na vita vikaanza. Deo alikimbia kwa miguu, akajificha, akavuka mpaka akaingia Rwanda. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yakamkuta hukohuko Rwanda. Ikabidi akimbie tena, arudi alikotoka.

Mwaka huo huo akafika New York akiwa na dola kama 200 na Kifaransa chake. Kiingereza hakujua. Alifanya kazi ya kupeleka vyakula kwenye nyumba za matajiri kwa dola 15 kwa siku, na kuna wakati alilala nje, katika bustani kubwa ya mji ule. Fikirini, mtu aliyekuwa amebakiza miaka michache awe daktari analala chini ya miti. Wapo watu wema waliomsaidia mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Columbia. Baadaye akafanya kazi na Daktari Paul Farmer, yule Mmarekani aliyeanzisha shirika la Partners In Health. Farmer alitumia maisha yake kutibu maskini wa Haiti na Rwanda, na alifariki Rwanda mwaka 2022. Mwandishi Tracy Kidder alitoa kitabu kizima juu ya maisha ya Deo mwaka 2009, na ndiyo maana habari zake zinajulikana sana nje kuliko kwetu.

Nawaeleza haya si kwa kumsifu mtu. Nawaeleza kwa sababu wanafunzi wangu wananiuliza kila wiki kusoma kuna faida gani kwa mtoto wa mkimbizi. Deo alipoteza vitu vyote, lakini alichosoma hakikubaki Mutaho. Alikibeba.

BARABARA KWANZA

Deo aliporudi nyumbani kuangalia, alikuta watu wanakufa kwa magonjwa ambayo yana dawa: malaria, kuhara, kuzaa kwa shida, kifua kikuu, na njaa ya watoto. Mwaka 2005 wakaanzisha shirika. Lakini kabla ya kujenga hata chumba kimoja kukawa na tatizo. Gari halikuweza kufika Kigutu. Saruji itapandaje? Dawa zitapandaje? Na mgonjwa atapandaje?

Wakaenda kwa kampuni ya ujenzi, wakaambiwa kutengeneza barabara hiyo kutagharimu kama dola 50,000. Pesa hizo hazikuwepo. Deo mwenyewe amekuwa akisimulia mbele ya watu jambo lililofuata. Mama mmoja wa kijijini, mwenye mtoto mgonjwa, alimwambia asilipe hata senti moja kwa barabara hiyo. Alisema kwamba wao ni maskini, na umaskini umewaletea magonjwa, lakini wavivu si wao. Wataichimba wenyewe.

Na wakaja. Walikuja na majembe, sururu na mapanga, wanaume kwa wanawake, na barabara ikapita. Sisi tunazijua kazi hizo, kwa Kirundi tunasema ibikorwa rusangi. Tofauti ni kwamba mara nyingi watu huenda kwa kuogopa faini, na hawa walienda kwa sababu kila mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2007 kliniki ikafunguliwa. Wagonjwa walikuja kwa miguu kutoka mbali, wengine wakibebwa kwenye ingovyi, yaani ile machela yetu ya kubeba begani watu wanne. Tangu hapo zahanati imekua mwaka hadi mwaka, mpaka sasa imekuwa hospitali.

Mimi naona siri ya mambo yote iko hapo kwenye barabara. Mtu akikujengea hospitali wewe umekaa, itaitwa hospitali yake. Siku akiondoka, milango inang'olewa na mabati yanauzwa sokoni. Tumeyaona hayo. Lakini mtu akikumbuka malengelenge aliyopata mikononi akichimba njia ya kwenda hospitali, atakayegusa dirisha lake ataulizwa na kijiji kizima.

WANATIBU NINI?

Wengi wanadhani hospitali ni mahali pa sindano na vidonge. Kigutu wameipanua kidogo maana hiyo. Haya ndiyo mambo yanayofanyika:

• Wagonjwa wa kila siku. Malaria ndiyo inayoongoza, kama kila mahali pwani ya ziwa. Tukumbuke kwamba mwezi wa tatu mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitangaza rasmi kwamba malaria imekuwa janga nchini.

• Akina mama na uzazi. Kupimwa wakati wa ujauzito, kuzalia mahali penye mkunga na taa, na uzazi wa mpango kwa wanaoutaka. Umeme wa jua umesaidia sana, maana mtoto hachagui saa, anakuja hata saa nane za usiku.

• Watoto wenye utapiamlo. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Burundi wamedumaa. Ni zaidi ya nusu! Sasa mtoto wa namna hiyo ukimpa dawa ukamrudisha kwenye sufuria tupu, atarudi tena baada ya mwezi.

• Virusi vya Ukimwi na kifua kikuu. Kupima, kupewa dawa, na kufuatiliwa mpaka nyumbani ili mtu asiache dawa katikati.

• Wahudumu wa afya wa kijiji, wale tunaowaita abaremeshakiyago. Hawa ni wanakijiji wenyewe waliofundishwa. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanaona nani amekonda, nani ana mimba, nani amekohoa wiki tatu.

• Bustani, mifugo na ushirika. Watu wanafundishwa kulima mboga na matunda, na kuna vikundi vya kuwasaidia akina mama kupata kipato. Ukiuliza jembe linaingiaje hospitalini, jibu ni lile la watoto 56. Njaa ni ugonjwa, na dawa yake ni chakula.

• Elimu ya watoto. Kama mwalimu nimefurahi kuona kwamba na shule wameiweka katika hesabu ya afya. Mama anayejua kusoma karatasi ya dawa hatampa mtoto vidonge vya siku tatu kwa siku moja.

Jambo lingine, ambalo ni kubwa kwa nchi yetu: mgonjwa anayefika haulizwi kabila. Watu ambao wazazi wao walikimbiana wanakaa benchi moja, wanasubiri muuguzi mmoja. Mtoto wa huyu analia, mama wa yule anambembeleza.

NA PESA JE?

Hapa ndipo ubishi wa bombani ulipo, basi tulieleze sawasawa.

Mwaka 2002, vita vikiwa bado vinaendelea, Burundi iliweka utaratibu kwamba mgonjwa alipe gharama zote za matibabu yake. Watu walikuwa hawana kitu. Kilichofuata ni aibu: hospitali zilianza kuwazuia wagonjwa waliopona lakini hawajalipa. Mwezi wa tisa mwaka 2006, shirika la Human Rights Watch pamoja na APRODH ya Burundi walitoa ripoti juu ya jambo hilo. Kulikuwa na akina mama waliojifungua kwa upasuaji na watoto wao wachanga waliokaa wiki nyingi hawawezi kutoka, wanalindwa na mlinzi kama wafungwa, na chakula ni mpaka msamaria apite.

Kabla ya ripoti hiyo, tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alikuwa ametangaza kwamba wanawake wanaojifungua na watoto chini ya miaka mitano watatibiwa bure. Ilikuwa habari njema kweli. Hospitali zikajaa ghafla, dawa zikapungua na wauguzi wakachoka, lakini akina mama wengi walianza kuzalia mahali penye mkunga. Kwa hiyo yule anayesema "ni bure" hasemi uongo. Ila bure hiyo ilikuwa ya mama mzazi na ya mtoto mdogo. Baba aliyevunjika mguu hakuwemo.

Nalijua hilo kutoka nyumbani. Mjomba wangu alikuwa mvuvi Kabonga. Mimi nilikuwa bado mdogo wakati alipoanguka akivunjika mguu, lakini nakumbuka walivyombeba mpaka barabarani na kupakia kwenye gari la mawese. Hospitali alikopelekwa sitaitaja. Walimtibu vizuri, mguu ukaunga. Lakini alikaa pale siku nyingi baada ya kupona, kwa sababu karatasi ya malipo ilikuwa haijapigwa muhuri. Familia ikauza nyavu, halafu ikauza mtumbwi. Akarudi nyumbani na miguu miwili mizima, na hana cha kuvulia samaki. Mwaka ule binamu zangu wawili waliacha shule.

Sasa hospitali isiyo ya faida maana yake nini? Si kwamba haina gharama. Daktari anakula, dawa zinanunuliwa, mafuta ya gari yanalipwa. Maana yake ni kwamba hakuna mwenye duka anayesubiri chumo mwisho wa mwezi. Pesa ikipatikana, iwe ya wafadhili au ya wagonjwa wenye uwezo, inarudi kwenye dawa na vitanda. Na Kigutu wana msingi wao: maskini asirudishwe mlangoni kwa sababu ya mfuko wake. Wanaona kwamba ukimponya mtu malaria halafu ukamfanya auze shamba, umemtoa ugonjwa mmoja ukamtia mwingine.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana makala ya sifa tupu haimsaidii mtu. Hospitali inayotegemea wafadhili iko kama mtoto anayenyonya: siku mama akiugua, na mtoto ana taabu. Ndiyo maana wenye busara huko wanataka wahudumu wawe wenyeji, mboga zitoke bustanini, na vijana wa hapohapo wasome uuguzi na ukunga.

HOSPITALI MOJA HAITOSHI PWANI NZIMA

Nisije nikawadanganya. Ukitoka Kabonga, Kigutu ni mbali. Mama aliyeshikwa na uchungu Kabonga usiku hawezi kusubiri kupandishwa milima ile. Huyo inafaa akimbizwe kituo cha afya cha karibu, na kikishindwa apelekwe hospitali ya Nyanza-Lac. Aliye Rumonge mjini ana hospitali ya serikali palepale. Kwa hiyo anayerudi kwa kuwa "kuna Kigutu" aulize kwanza kutoka kilimani kwake mpaka huko ni saa ngapi, na usiku kuna usafiri gani.

Umbali unaua, na sisi tunao ushahidi wetu wenyewe. Mwezi wa tano mwaka 2015 tulipokimbia, maelfu na maelfu tulikwama Kagunga, kile kijiji cha Tanzania kando ya ziwa, ng'ambo kidogo tu ya Kabonga. Kagunga ilikuwa haina barabara ya gari. Kuna ziwa mbele na mlima nyuma. Maji ya kunywa yalikuwa yaleyale ya kuoga na ya kujisaidia. Kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujaisha, walihesabiwa wagonjwa kama 3,000, na watu kama 30 walikufa. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa inatubeba mafungu kwa mafungu mpaka Kigoma, na wengine walibebwa kwa boti. Madaktari walikuja na dripu na mahema yao, Mungu awabariki. Lakini wote tuliokuwepo tunajua kwamba waliokufa hawakukosa dawa duniani. Dawa zilikuwepo Kigoma mjini. Kilichokosekana Kagunga ni njia, maji safi na choo.

Ndiyo maana nasema watu wa Kigutu walianza pazuri. Njia kwanza, halafu jengo.

TUFANYE NINI KATIKA FAMILIA ZETU?

Haya hapa chini yanatufaa hapa kambini leo, na yanamfaa anayerudi kesho. Mama anayejua kusoma awasomee jirani wasiojua.

1. Mjamzito asisubiri. Apelekwe kituoni mara moja akiona damu, kichwa kikimuuma sana na macho yakiona ukungu, akivimba uso na mikono, akipata degedege, homa kali, maji yakitoka kabla ya uchungu, au mtoto akipunguza kucheza tumboni. Uchungu ukipita saa 12 bila kuzaa, ni hatari. Baba, usiseme "tungoje asubuhi". Pesa ya pikipiki iwekwe tangu mimba ina miezi sita, na ijulikane iko wapi.

2. Mtoto mdogo. Akikataa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea haamki vizuri, au akipumua haraka haraka, usimpeleke kwanza kwa mtu wa kukata kimeo wala kumpaka majani. Nenda kliniki siku hiyohiyo.

3. Kupima mkono. Ule utepe wa rangi wanaomfunga mtoto mkononi si mchezo. Rangi nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, maana yake mtoto ana njaa kali na anaweza kufa. Usione aibu. Mwenye aibu ni anayemficha.

4. Kuhara. Anza nyumbani kumpa maji huku unajiandaa kwenda kliniki. Kama huna pakiti ya dawa ya maji, chukua lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Akihara kama maji ya mchele, kimbia.

5. Karatasi. Anayefikiria kurudi achukue kadi ya chanjo ya kila mtoto, kadi ya kliniki ya mjamzito, na cheti cha kuzaliwa. Umri wa mtoto bila karatasi unaweza kuleta ubishi dirishani, maana bure ile ni ya walio chini ya miaka mitano.

6. Wenye dawa za kila siku. Unayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi, dawa za kifua kikuu, kisukari, kifafa au presha, usipande basi kabla hujapewa barua ya rufaa na dawa za kukufikisha. Wako watu wanaoficha kwa kuogopa majirani wa nyumbani wasijue. Ndugu yangu, jirani hajui kilichoandikwa kwenye karatasi yako. Lakini ukiacha dawa, baada ya miezi michache kila mtu atajua, maana mwili utasema.

7. Ujuzi. Hapa kambini tunao vijana waliofundishwa kuwa wahudumu wa afya, kupima mikono ya watoto, kutia dawa kwenye maji, kueleza watu juu ya vyandarua. Vyeti vyao wavitunze vizuri. Kilimani kwao hao ndio watakaokuwa abaremeshakiyago wa kwanza kutafutwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Jioni mukimaliza kula, zungumzeni haya pamoja na watoto:

– Usiku wa leo mtoto wetu akishikwa na degedege, nani atambeba, na njia ipi?

– Katika mtaa wetu hapa kambini, ni njia gani au daraja gani linalomzuia mgonjwa kufika kliniki wakati wa mvua? Ni majembe mangapi yanahitajika?

– Nani katika familia yetu anatumia dawa, na sisi wengine tunamsaidiaje asizikose?

Lile swali la pili darasa langu limeshalijibu. Kati ya mabomba na kliniki kuna mfereji ambao mvua ikinyesha, akina mama wenye mimba wanaurukia kwa kushikana mikono. Watoto wameuhesabu, ni hatua kumi na moja. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, wanafunzi wakubwa na walimu tutakuwa pale. Viongozi wa mtaa wamekubali kutupa mawe. Mwenye jembe aje nalo, asiye na jembe aje na karai, asiye na kitu aje na mikono.

Kama una swali au una habari ya kituo cha afya cha kilimani kwenu, andika kwenye karatasi uilete shuleni, tutaichapa mwezi ujao ili wengine wajue.